Namna ya Kupanga Msaada wa Dharura wa Jimbo kwa Gereza Linaloendeshwa na Kampuni

Gereza linaloendeshwa na kampuni nchini Marekani, hasa lililojengwa pembezoni mwa mji mdogo, kwa kawaida huajiri askari wa kutosha kwa siku ya kawaida tu. Siku ambayo ghasia zinazuka, moto unashika bweni au kimbunga kinakata umeme na maji, kampuni haina polisi wa barabara kuu, haina ndege ya doria wala haina mabasi ya kuhamishia wafungwa mia kadhaa kwa usiku mmoja. Nguvu hizo ziko kwa jimbo na kaunti. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkuu wa gereza la aina hiyo, sherifu (mkuu wa polisi) wa kaunti na ofisa wa idara ya magereza ya jimbo anayesimamia mkataba, kwa kuwa hao watatu ndio watakaokutana langoni, na ni afadhali wawe wamekwisha kukubaliana kabla ya kukutana huko.

Anzeni kwa kuuliza wafungwa ni wa nani. Jengo moja la kampuni laweza kuwa na wafungwa wa jimbo lenyewe, wa jimbo la mbali, wa serikali ya shirikisho na mahabusu wa kaunti kwa wakati mmoja. Ghasia zilipozuka katika gereza la kaunti ya Crowley, Colorado, Julai 2004, miongoni mwa wafungwa walikuwamo wa Colorado, wa Washington na wa Wyoming. Aprili 2007 ghasia za New Castle, Indiana, zilihusu pia wafungwa waliokuwa wamehamishwa kutoka Arizona. Katika kaunti ya Adams, Mississippi, ambako ofisa mmoja wa gereza aliuawa Mei 2012, wafungwa walikuwa wa serikali ya shirikisho, lakini sherifu na polisi wa jimbo ndio walioitwa kusaidia. Kwa hiyo andaeni jedwali linaloonyesha kila kundi la wafungwa, mamlaka inayolimiliki, simu ya ofisa wa zamu wa mamlaka hiyo, na mahali ambapo kundi hilo laweza kupelekwa kisheria endapo jengo halitakalika.

Hatua ya pili ni kusoma sheria ya jimbo sambamba na mkataba, pamoja na mwanasheria. Mamlaka ya askari wa kampuni kutumia nguvu au kumkimbiza mtoro aliyekwisha kutoka nje ya uzio hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na hayapaswi kukisiwa. Kumbukeni pia kwamba katika shauri la Richardson dhidi ya McKnight la mwaka 1997, lililotokana na gereza la kampuni huko Tennessee, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba askari wa kampuni hawana kinga ya kisheria waliyo nayo askari wa serikali wanaposhtakiwa na mfungwa kwa kuvunja haki zake. Askari wawili wakisimama bega kwa bega katika ukumbi mmoja, mmoja wa jimbo na mwingine wa kampuni, hawako katika hali moja mbele ya hakimu. Mkataba useme waziwazi ni nani atakayebeba dhima pale askari wa kampuni anapotekeleza amri ya kamanda wa jimbo.

Jambo linalohitaji muda mrefu zaidi mezani ni lini simu ipigwe. Kampuni ina sababu za kusitasita: kila wito huingia katika kumbukumbu za mkataba, huweza kuleta faini, na waandishi wa habari hufika nyuma ya magari ya polisi. Ndiyo sababu vigezo viandikwe kama amri inayompa mkuu wa zamu, hata akiwa ni ofisa mdogo wa usiku wa manane, uwezo na wajibu wa kupiga simu bila kusubiri kibali cha makao makuu ya kampuni. Mtu akishikwa mateka, hesabu ya wafungwa isipotimia baada ya kurudiwa, askari wakiondolewa katika bweni kwa nguvu, au idadi ya askari wa zamu ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa huku kukiwa na mvutano, simu ipigwe. Ni rahisi kuwarudisha wasaidizi nusu ya njia kuliko kuwangoja. Vifaa navyo vikaguliwe. Baada ya wafungwa watatu kutoroka gereza la Kingman, Arizona, Julai 2010, ukaguzi wa jimbo ulionyesha kwamba kengele za uzio zilikuwa zikilia ovyo mno hata askari walikuwa wamezizoea. Kengele iliyozoeleka haimwamshi mtu.

Kisha andikeni jinsi amri inavyokabidhiwa. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: saa, jina la anayekabidhi, jina la anayepokea, na maeneo yanayohusika. Baada ya saini hiyo, kanuni za kutumia nguvu ni za jimbo, na ofisa wa kampuni hubaki kuwa mshauri, mtambuzi wa wafungwa na mshika funguo. Nje ya uzio pawe na sanduku lenye funguo za akiba, ramani za majengo, mahali pa kufungia gesi, maji na umeme, na orodha ya wafungwa iliyochapishwa yenye picha na mahitaji ya dawa, kwa sababu kompyuta zenye taarifa hizo huenda zikawa ndani ya ofisi zilizotekwa. Jaribuni redio za pande zote mapema, mkitumia masafa yaleyale yatakayotumika. Zoezi lifanywe na zamu ya usiku pia. Mazoezi ya saa nne asubuhi, wakuu wote wakiwapo, hufundisha kidogo.

Kuhusu gharama, baadhi ya majimbo yana sheria inayoilazimu kampuni kulilipa jimbo na kaunti, na mahali ambapo sheria iko kimya, mkataba uitaje: muda wa ziada, mafuta, matibabu, usafiri wa wafungwa na uharibifu wa vifaa. Kila kikosi kisaini saa ya kuingia na ya kutoka, maana ankara isiyo na saa hubishaniwa. Msitegemee fedha za shirikisho kuziba pengo. Chini ya sheria ya Stafford ya mwaka 1988, sheria ya shirikisho ya misaada ya maafa, mwombaji wa msaada wa umma ni jimbo, serikali ya mtaa, serikali ya kabila la wenyeji asilia au taasisi fulani zisizo za faida. Kampuni ya faida haimo. Vilevile msaada wa jimbo jirani kupitia EMAC, mkataba wa majimbo kusaidiana wakati wa dharura, ulioidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 1996, huombwa na jimbo, na jimbo lililoomba ndilo hulipa lile lililosaidia. Kampuni haiwezi kuuomba yenyewe, hivyo ombi lake lipite kwa idara ya dharura ya jimbo.

Mwisho pangeni vitanda. Februari 2015 gereza la Willacy, Texas, liliharibiwa kiasi kwamba wafungwa wapatao 2,800 walihamishwa, na baada ya ghasia za Kingman za Julai 2015 zaidi ya 1,000 walihamishwa kabla ya gavana wa Arizona kuvunja mkataba na kampuni iliyoliendesha gereza hilo la Kingman. Majina ya magereza ya kupokea, idadi ya nafasi, mabasi na madereva yawe yameandikwa. Kurudisha amri kwa kampuni kufuate fomu ileile: hesabu ya wafungwa imetimia mara mbili, funguo na silaha zimehesabiwa, mahali pa ushahidi pamefungwa, na ofisa wa jimbo amekubali kwa saini kwamba askari waliopo wanatosha zamu inayofuata.