Kuchagua pedi za ngoma za kielektroniki za kupigia jukwaani pamoja na kompyuta

Kabla ya kuuliza bei, amua kwanza kama utapiga kwa vidole, kwa viganja au kwa vijiti, kwa sababu jibu hilo peke yake litakuondolea sehemu kubwa ya vifaa vilivyoko madukani. Pedi za vidole ni zile ndogo za mpira zilizozoeleka tangu kampuni ya Akai ilipotoa MPC60 mwaka 1988, zikiwa 16 kwa mpangilio wa nne kwa nne. Zinamfaa mtayarishaji anayesimama nyuma ya meza, lakini hazikuundwa kuhimili kijiti, na anayezipiga kwa kijiti huviharibu vitambuzi vilivyo chini ya mpira. Mpiga dramu aliyezoea vijiti atafute pedi kubwa za ukoo wa Octapad, ambao Roland iliuanzisha mwaka 1985, au SPD-SX ya kampuni hiyohiyo yenye pedi tisa, kwa kuwa hizo hufungwa kwenye stendi pembeni mwa dramu na kustahimili kupigwa usiku kucha. Kwa anayetokea kwenye tumba, bongo au dumbaki, ambaye ufundi wake umo vidoleni, kuna HandSonic, pedi ya duara iliyogawanywa katika sehemu nyingi za kupigwa kwa mkono.

Swali la pili ni sauti itatoka wapi. Kifaa kama MPD218 ya Akai hakina sauti hata moja ndani yake: kila ukipiga, kinatuma ujumbe wa MIDI, lugha ambayo ala za kielektroniki na kompyuta huwasiliana kwayo, unaotaja namba ya noti na nguvu ya pigo, kisha programu iliyo kwenye kompyuta ndiyo inayotoa mlio. Kwa mpangilio uliozoeleka, namba 36 ni dramu kubwa ya mguu, 38 ni sneya na 42 ni haihati iliyofungwa. Faida yake ni bei nafuu na uhuru wa kutumia sauti yoyote uliyoirekodi. Hasara yake ni kwamba kompyuta ikiganda katikati ya wimbo, ngoma nayo inanyamaza. Pedi zenye sauti zake, kama SPD-SX, zinaendelea kulia hata kompyuta ikizima. Maoni yangu ni kwamba anayeibeba bendi nzima kwa mdundo wake anunue aina hii ya pili akiwa na uwezo, na kompyuta aiachie vionjo na sauti za kusindikiza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka, nalo ndilo linalotenganisha pedi nzuri na mbaya: namna inavyopokea pigo jepesi. MIDI hupima nguvu ya pigo kuanzia 1 hadi 127, lakini si kila pedi inautumia upana huo wote, na nyingine hazipimi nguvu kabisa. Launchpad ya kwanza ya Novation, kwa mfano, ina vitufe 64 vinavyofaa sana kuanzishia vipande vya muziki kwenye Ableton Live, programu ya kutengeneza na kupiga muziki, ila ukikigusa au ukikibamiza, kila kitufe hutoa sauti ya nguvu ileile. Mdundo wa chakacha hauwezi kuishi hapo, maana utamu wake umo katika noti hafifu zinazojaza nafasi baina ya mapigo makubwa, zile ambazo mpiga chapuo huziacha zikidondoka kwa ncha za vidole.

Kwa hiyo ukiwa dukani, chomeka pedi kwenye kompyuta, fungua programu inayoonyesha namba ya nguvu, kisha piga polepole kabisa na uongeze kidogokidogo. Namba ipande kwa utulivu. Ikiruka kutoka 20 hadi 70 bila kupita katikati, iache. Piga katikati ya pedi, kisha pembeni na kwenye kona, kwa sababu baadhi ya pedi huwa hai katikati tu. Bamiza pedi moja huku ukitazama jirani zake, uone kama kuna inayojilia yenyewe kwa mtikisiko. Halafu piga pigo moja safi mara nyingi na uhesabu noti zinazotokea: pigo moja likizaa noti mbili, kasoro hiyo itakuaibisha mbele ya watu. Hakikisha pia kwamba kifaa kinakuruhusu kurekebisha kiwango cha chini cha pigo linalopokelewa. Hili lina uzito wa pekee jukwaani, kwa kuwa spika za besi zikiwa karibu hutikisa sakafu, na pedi iliyoachwa ikipokea hata mguso mdogo mno huanza kujipiga yenyewe.

Hata pedi bora huharibiwa na kuchelewa kwa sauti, na hapa hesabu inasaidia. Kompyuta hukusanya sauti katika mafungu kabla ya kuitoa: kwa kiwango cha vipimo 44,100 kwa sekunde, fungu la vipimo 128 linachelewesha sauti kwa takriban milisekunde 3, la 512 kwa takriban 12, na la 1,024 kwa takriban 23, bila kuhesabu muda mdogo unaoongezwa na pedi yenyewe na kadi ya sauti, yaani kifaa kinachotoa sauti ya kompyuta kwenda kwenye spika. Chukua singeli, ambayo kasi yake aghalabu hupita mapigo 200 kwa dakika. Katika kasi ya 240, robo ya pigo moja ni milisekunde 62 na nusu, hivyo kuchelewa kwa milisekunde 23 kunameza zaidi ya theluthi ya nafasi hiyo na mkono unapoteza njia. Tumia kadi ya sauti ya nje na, kwenye Windows, draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti kwa haraka kati ya kompyuta na kadi) inayotolewa na mtengenezaji wa kadi hiyo, kisha lenga fungu la 128, au 256 ikiwa kompyuta inalemewa na sauti kuanza kukatika. Kumbuka pia kwamba sauti yenyewe husafiri hewani takriban sentimita 34 kwa kila milisekunde. Spika ya kujisikilizia iliyo mita tatu kutoka kwako inaongeza karibu milisekunde 9, hivyo isogeze karibu au vaa visikilizio.

Wingi wa pedi usikuhadae. Nane au tisa zinatosha kwa nyimbo nyingi, na pedi zinazopatikana kwa kubadilisha kurasa, yaani pedi zilezile kupewa sauti nyingine kwa kubonyeza kitufe, ni rahisi kukosewa gizani.

Chunguza umeme na nyaya kwa makini zaidi. Pedi inayokula umeme wa USB hukupunguzia adapta moja, lakini itegemee tundu la kompyuta moja kwa moja badala ya kigawanyi cha USB cha bei rahisi. Pedi yenye adapta yake inahitaji adapta ya volti na ncha sahihi, kwa sababu plagi inaweza kuingia vizuri huku chanya na hasi zikiwa zimegeuzwa. Ukisikia mvumo kwenye spika mara tu unapochomeka chaja ya kompyuta, jaribu kuichomoa kwa muda. Mvumo ukiondoka, kisanduku cha DI, kile kidogo kinachopitisha sauti na kuzuia mvumo wa umeme, kati ya kadi ya sauti na miksa kwa kawaida huutatua. Tundu la USB la pedi likiwa limelegea, usinunue, hasa kama ni kifaa kilichotumika: waya utakaovutwa na mguu wa mtu jukwaani utakata mawasiliano yote. Mwombe muuzaji akuruhusu kupiga wimbo mzima kwa kompyuta yako na waya wako, huku sauti ikiwa juu, kabla ya kutoa pesa.