Ukihamia sigara ya kielektroniki, achana kabisa na ya kawaida
Anayetumia sigara ya kielektroniki ili aepuke madhara ya sigara ya kawaida hana budi kuiacha hiyo ya kawaida moja kwa moja, kwa sababu lami (masizi ya moshi yanayonata mapafuni) na gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi hutokana na tumbaku inayoungua, ilhali kifaa hicho hupasha moto kimiminika bila kukiunguza. Kuvuta huku na huku hakusaidii sana: hata sigara moja tu kwa siku hubeba takriban nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Mvuke wenyewe, ambao kwa hakika ni vitone vidogo mno vya kemikali wala si maji matupu, kwa kawaida huwa na nikotini ileile iletayo uraibu, hivyo asiyevuta chochote asiuanze.