Kupima mteremko wa njia ya bomba la maji

Mimi ni fundi wa maji ya mserereko, yaani yanayoshuka yenyewe bila pampu, huku milimani Usambara. Kabla sijagusa jembe nataka namba mbili: tofauti ya mwinuko kati ya chanzo na tangi, na umbali wa mlalo, yaani ule wa kwenye ramani.

Tuseme chanzo kipo mita 1,462 kutoka usawa wa bahari na tangi mita 1,378. Tofauti ni mita 84. Kwenye ramani ya skeli 1:50,000 sentimita 1 ni mita 500, kwa hiyo sentimita 2.4 ni mita 1,200. Gawanya 84 kwa 1,200, zidisha kwa 100: mteremko wa asilimia 7. Ni kama nyuzi 4. Usichanganye vipimo hivi, maana asilimia 100 ni nyuzi 45.

Simu inaweza kukosea mwinuko kwa mita nyingi. Kwenye mita 84 itakupa picha ya awali, lakini kwenye tofauti ya mita 3 usiitegemee. Hapo nachukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, naujaza hadi mapovu yote yatoke, kisha kila ncha naifunga kwenye fimbo ndefu yenye alama za sentimita. Maji yakitulia, soma pande zote mbili. Juu yakisoma 40 na chini 152, ardhi imeshuka sentimita 112. Andika, sogea mbele, rudia, mwishoni jumlisha. Kamba ya umbali ivutwe mlalo, isilazwe ardhini.

Sasa lililo muhimu kuliko yote: ncha mbili hazitoshi. Pima kila kilima na kila bonde njiani. Kilima cha mita 1,470 kikikaa katikati, maji hayatavuka, maana kimepita chanzo, hata kama hesabu yako inasema asilimia 7. Bonde nalo lina hatari yake. Kila mita 10 za kushuka huongeza presha ya takriban bar 1 maji yakiwa yamefungwa. Bonde la mita 1,340 liko mita 122 chini ya chanzo, karibu bar 12, na bomba la PN10, yaani la kubeba hadi bar 10, halijatengenezwa kubeba hiyo. Weka PN16 sehemu hiyo, au jenga tangi la kupunguza presha kabla ya kushuka bondeni, ukihakikisha kwanza kwamba tangi hilo limebaki juu ya vilima vyote vilivyo mbele yake.