Feloshipi ya picha za ubongo: jiulize kwanza utaketi wapi ukirudi Nairobi

Simu hizi huingia usiku, kwa ajili ya tofauti ya saa. Ni daktari Mkenya aliye Texas au Leeds, anamalizia radiolojia, anataka kujua afanye wapi feloshipi ya nyuroradiolojia, yaani mafunzo ya ziada ya ubingwa wa picha za ubongo, ili akirudi nyumbani asikae bure. Nami humrudishia swali: ukirudi, utaketi mbele ya skrini kusoma picha, au utasimama mezani umevaa aproni ya madini ya risasi ya kukinga mionzi?

Maana hizi ni kazi mbili zilizopewa jina moja. Ya kwanza ni kusoma CT na MRI za ubongo, uti wa mgongo, macho na shingo. Ya pili ni tiba: unapenyeza katheta, mrija mwembamba, kwenye mshipa wa paja hadi ubongoni, unanasa bonge la damu au kuziba mshipa uliovimba. Tangu tafiti za 2015 zithibitishe kwamba kunasa bonge kunawasaidia wagonjwa wa kiharusi, vijana wengi wanaililia hii ya pili. Siwalaumu. Ila katheta haifanyi kazi peke yake. Inataka chumba cha anjiografia (picha za mishipa ya damu), daktari wa usingizi, wauguzi waliozoea, ICU, vifaa ghali vinavyotumika mara moja tu, na mgonjwa aliyewahi. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mzee aliyepooza mkono jioni huko Kitengela, watu wake wakaona walale kwanza, asubuhi saa hizo zimeshakwisha. Katheta inaweza kufika hadi saa 24 kwa wagonjwa wachache, na wanaowachagua hao ni wasomaji wa picha.

Kwa hiyo kama hakuna hospitali iliyokuahidi chumba na timu, anza na usomaji.

Marekani, feloshipi ya usomaji yenye ithibati ya ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo ya madaktari huko, huchukua mwaka 1, baada ya mwaka wa intani na miaka 4 ya radiolojia. Kinachowakwaza wengi ni viza. Ukiwa kwa J-1, viza ya mafunzo, unatakiwa kuleta barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako inayosema taifa linahitaji ubingwa huo na kwamba umeahidi kurudi. Kwa Mkenya, hiyo ni safari ya Afya House, makao makuu ya wizara, au ya ndugu yako mvumilivu aliye Nairobi. Barua uliyotumia kwa radiolojia ya jumla haikufikishi. Omba mpya inayoutaja ubingwa huu, na uombe miezi mapema. Halafu hiyo J-1 inakufunga: bila kukaa nyumbani jumla ya miaka 2, au kupata msamaha, hupati H-1B, viza ya kazi, wala ukaaji wa kudumu. Mwenye green card tayari hayo hayamhusu.

Uingereza, FRCR (mtihani wa ubingwa wa radiolojia) inakubaliwa na GMC, baraza la madaktari la huko, badala ya PLAB, mtihani wa madaktari wa kigeni. Pia kuna mpango wa MTI, unaowapokea madaktari wa nchi kama zetu kwa muda usiozidi miezi 24, kisha wanarudi makwao.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Mwaka wangu wa feloshipi nilisoma saratani za ubongo mpaka nikaziota. Wiki ya kwanza nimerudi Nairobi, nikafunguliwa MRI ya mama mmoja kijana: pete tatu zinazong'aa, kila moja imezungukwa na uvimbe. Vidole vikaanza kuandika saratani iliyosambaa. Rejista, daktari anayesomea ubingwa, aliyeketi kando akaniuliza kwa upole, "Daktari, majibu ya HIV tunayo?" Hatukuwa nayo. Yalipokuja, alianzishiwa dawa za toksoplasmosisi, maambukizi ya vimelea yanayoshika ubongo kinga ya mwili ikishuka, na picha ya baadaye ikaonyesha pete zimenywea. Kwetu pete ni toksoplasmosisi au kifua kikuu cha ubongo kabla ya kitu kingine. Na mtu wa kifafa mwenye kiduara kidogo chenye nukta ndani, hiyo nukta ni kichwa cha tegu wa nguruwe. Huko majuu unaweza kumaliza mwaka hujaiona hata mara moja.

Ndiyo maana huwa naitaja India: taasisi za NIMHANS ya Bengaluru na Sree Chitra ya Trivandrum. DM yao, shahada ya ubingwa wa juu, ni miaka 3 na inachanganya usomaji na tiba, na magonjwa yao ni ndugu wa magonjwa yetu. Wengi hukunja uso nikisema hivi. Wakikataa, nawashauri angalau waombe wiki chache za kujifunza huko.

Karatasi nazo. Leseni ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka. Usiache jina lako lilale kwa sababu uko mbali. Kabla hujaondoka ughaibuni, omba cheti cha maadili mema kwa kila baraza lililokusajili, na daftari la kesi lenye idadi, sahihi na muhuri. Mimi niliondoka na daftari lisilo na sahihi, nikidhani barua pepe ingetosha. Mkuu wa idara akastaafu, na nikakaa miezi mitano namtafuta mtu wa kunishuhudia kesi nilizozisoma mwenyewe. Lako litiwe sahihi kila mwisho wa mwezi, na siku ya kupanda ndege liweke kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku.