Usiku wa kileleni, ogopa jasho

Mdogo wangu, kama umechaguliwa kusindikiza wageni kileleni Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, anzia mitumba ya Memorial hapa Moshi. Tafuta fulana ya sufu, au zile za michezo zinazokauka upesi. Chukua mbili. Ya pamba iache hukohuko.

Mimi nilipanda na ya pamba. Tuliondoka kambi ya Kibo, mita 4,720, karibu saa sita usiku, nikawa natembea kwa sifa. Kufika Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta, mgongo umeloa chapachapa. Nikasimama kusubiri wageni. Haikuchukua muda, meno yakaanza kugongana, vidole vikagoma kufunga zipu. Muongozaji wetu akanivua palepale kwenye upepo, akanivalisha fulana yake kavu kama mtoto wa chekechea. Wageni wanatazama!

Ubongo unalinda joto la ndani libaki karibu na nyuzi 37. Likizidi, unatoa jasho, nalo likikauka linaondoka na joto la ngozi. Mchana wa Februari pale stendi hiyo ni neema. Kule juu, ukishasimama, misuli haichemki tena lakini fulana mbichi inaendelea kukunyonya joto. Hapo mwili unabana mishipa ya mikononi na miguuni ili damu ya moto ibaki kwa moyo na ubongo. Ndiyo maana zipu ilinishinda. Kutetemeka nako ni misuli inayojichosha ili itengeneze joto, kwa hiyo kunywa uji wenye sukari kabla ya kutoka, hata kama hamu huna.

Njiani, ukihisi mgongo unaanza unyevu, fungua jaketi au punguza mwendo hapohapo. Mkisimama, vaa jaketi zito kwanza, chai baadaye. Fulana ya pili ikae kwenye kifuko kisichopitisha maji.

Wapo wanaoficha kichupa cha pombe kali. Inafungua mishipa ya ngozi: uso unawaka, joto la ndani linatoka.

Mwenzako akiacha kutetemeka ilhali bado wa baridi, anaongea kilevi na kujikwaa, ameshapita pabaya. Mvue nguo mbichi, mfunike mpaka kichwa, usimsugue mikono, mwite muongozaji mumshushe. Kinywaji cha moto mpe kama anameza vizuri. Na akisema yuko sawa, usimsikilize. Hata mimi nilisema hivyo, zipu imenishinda.