Jinsi ya kukaanga nyanya mpaka ziive kweli, mchuzi usiwe mchachu wala majimaji

Juzi nilikuwa namuelekeza mtu kupika kwa simu, analalamika mchuzi wake unatoka mchachu kila siku, maji yanakaa huku nyanya kule. Tatizo kubwa huwa ni moja tu, nyanya hazikuiva, zilichemka.

Hatua ya 1: Chukua nyanya zilizoiva vizuri. Mi nachagua zile ndefu zenye nyama, hazina maji mengi.

Hatua ya 2: Kata kati, kwaruza upande wa nyama kwenye kikwaruzio cha karoti, ganda litabaki mkononi. Blenda kwa nyanya mbichi siitaki kabisa, inaingiza hewa, unapata povu na rangi inapauka. Na tafadhali usitupe ule ute wa kwenye mbegu, utamu mwingi uko pale.

Hatua ya 3: Kitunguu kilainike KABLA hujaweka nyanya. Uchachu wa nyanya ukikikuta bado kigumu, kitachelewa sana kulainika.

Hatua ya 4: Hapa ndo penyewe. Nyanya zaidi ya asilimia 90 ni maji, na maji yakiwa bado yamo joto linakwama kwenye nyuzi 100 hivi, kwa hiyo hata mafuta yawe mengi vipi hapo unachemsha, hukaangi bado. Weka nyanya na chumvi, moto wa wastani, USIFUNIKE, maana mfuniko unarudisha mvuke wote ndani. Rojo ikianza kurukaruka punguza moto, usikimbilie mfuniko. Sasa sikiliza sufuria: mwanzo inabubujika, baadaye sauti inakuwa kavu, ya kukaangika. Pitisha mwiko katikati, kama njia inajifunga haraka kwa maji, bado haijaiva, kama inabaki wazi na mafuta yanachungulia pembeni yakiwa mekundu (rangi ya nyanya inayeyuka kwenye mafuta) hapo imeiva. Ukitumia mafuta kidogo sana hutayaona yakijitenga, we angalia tu ile njia ya mwiko. Ikianza kushika chini, kijiko kimoja cha maji ya moto, kwangua, endelea, usimwage kikombe kizima utakuwa umerudi mwanzo. Usiniulize dakika ngapi, inategemea upana wa sufuria, pana inakausha haraka zaidi. Na kabla hujakimbilia sukari kuua uchachu, kaanga kwanza mpaka hapo ndo uonje, mara nyingi hutaihitaji. Nyanya ya kopo nayo iingie hapa maji yakishakauka, uikaange kidogo mpaka rangi ikolee, ukiitia kwenye mchuzi wenye maji itabaki na ile ladha yake ya ubichi.

Hatua ya 5: Sasa tia nyama, samaki, chochote, na maji ya moto. Maharage na viazi viive kwanza pembeni, vikikutana na nyanya vikiwa vigumu vitakusumbua kwenye moto muda mrefu.