Jinsi ya kurekodi kumbukumbu za wazee wa viwanja vya ndege vya Lincolnshire

Mwaka 2016 nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao, vijiji vya mashariki ya Lincoln, jimbo la Lincolnshire, Uingereza. Mmoja wao alikuwa na miaka 92. Asubuhi moja nilimkuta ameshika uzi wa kifuko cha majani ya chai, anausokota kwa kidole gumba na cha shahada, haraka na kwa nguvu, halafu anaipinda ncha iingie ndani. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anafunga boliti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa fundi wa injini za Lancaster, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu, na kila boliti ilipokwisha kukazwa ilifungwa kwa waya wa kusokotwa ili mtikisiko usiilegeze. Ncha hupindwa ndani isije ikamchana fundi atakayekuja baada yako. Miaka zaidi ya 70 ilikuwa imepita, na vidole havijasahau.

Tangu hapo, siku zangu za mapumziko nimezitumia kukaa na wazee wa namna hiyo, na watu wanaoomba niwaeleze namna ya kuanza wamekuwa wengi. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, watafute mafundi kabla ya marubani. Lancaster ya kawaida ilibeba watu saba, na kila mmoja wao alikuwa na kitabu chake cha safari: tarehe, ndege, kazi, saa alizokaa hewani, safari za usiku zikiandikwa kwa wino mwekundu. Rubani akifariki, kitabu kinabaki. Fundi hakupewa kitabu cha namna hiyo. Alifanya kazi nje kwenye baridi, ndege ikiwa imeegeshwa pembezoni mwa kiwanja, na jina lake ni nadra kulikuta kwenye taarifa za kikosi. Anachokijua kiko kichwani mwake na mikononi mwake tu. Na leo mtu huyo, ukimpata, anakaribia miaka 100 au ameshaipita. Usipange kwenda mwakani. Piga simu wiki hii.

Kabla ya kwenda, jifunze kiwanja chake. Viwanja vingi vya ndege za mabomu vilivyojengwa katikati ya vita vilifuata ramani moja: njia tatu za kurukia zinazokatana, ile kuu kama mita 1,830 na mbili nyingine kama mita 1,280, barabara ya zege inayozunguka kote, na maegesho ya ndege yaliyotawanywa kando yake ili shambulio moja lisiharibu ndege zote. Ghala la mabomu liliwekwa mbali. Mabweni yalikuwa vibanda vya bati vya nusu duara, mbali kiasi kwamba watu walikwenda kazini kwa baiskeli.

Chora umbo hilo kwenye karatasi kubwa, njia na barabara tu, kisha mpe mzee penseli. Hii ndiyo mbinu iliyonisaidia kuliko zote. Mzee anayejibu swali kwa neno moja atazungumza saa nzima kidole chake kikitembea kwenye karatasi, akikuonyesha walipokuwa wakijibanza kukwepa upepo na dirisha la jikoni alilokuwa akigongea usiku. Mzee wangu alikuwa kiwanja cha Ludford Magna, kwenye kikosi cha 101. Alipofika kwenye njia kuu alichora mistari miwili, mmoja kila upande. Nikadhani ni taa. Kumbe ni mabomba ya petroli. Ukungu ukitanda wakati ndege zinarudi, petroli iliwashwa pande zote mbili, joto likaunyanyua ukungu, na rubani akashuka katikati ya kuta mbili za moto. Mfumo huo uliitwa FIDO na viwanja vichache tu ndivyo vilivyokuwa nao. Mimi nisingejua hata kuuliza.

Maswali yako yawe ya kazi. Ukimwuliza mtu, "Vita vilikuwaje?", atakupa jibu ambalo ameshalitoa mara mia. Muulize alianza na injini ipi kati ya zile nne za Lancaster. Muulize tangi zikijazwa mpaka juu, galoni 2,154, karibu lita 9,800, ilichukua muda gani. Alisimama wapi alfajiri akihesabu zinazorudi? Nani alibaki kwenye egesho ambalo ndege yake haikuja? Hilo la mwisho usilitangulize. Likija lenyewe, nyamaza, hata kama ukimya utachukua dakika nzima. Zaidi ya wanaume 55,000 wa Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu ya Jeshi la Anga la Uingereza, walikufa, na huenda mtu aliye mbele yako ndiye aliyewafunga baadhi yao mikanda.

Sasa nieleze kosa langu, maana nataka usilirudie. Mzee wangu alisema aliwasaidia watu wanane kupanda. Nikamwambia, kwa upole lakini kwa uhakika, kwamba Lancaster ilikuwa na watu saba. Akanitazama, akaichukua chai yake, na siku ile hakuongeza neno. Wiki mbili baadaye nilisoma taarifa za kikosi cha 101 na nikaona aibu. Kuanzia Oktoba 1943 ndege za kikosi hicho zilifungwa mitambo ya redio iliyoitwa Airborne Cigar, na aliongezwa mtu wa nane anayejua Kijerumani. Kazi yake ilikuwa kuzisaka sauti za waongozaji wa ndege za Ujerumani hewani, kisha kuzizima kwa makelele ya mtambo. Ndege zenyewe zilitambulika kwa nguzo tatu ndefu za antena, mbili mgongoni na moja chini ya pua. Nilirudi kumwomba radhi. Akachukua penseli, akachora ndege na nguzo zake tatu, akanionyesha ile ya chini ya pua: hiyo ndiyo iliyompiga kichwani usiku mmoja wa giza.

Kwa hiyo linaloonekana kukosewa liandike kama lilivyosemwa, weka alama pembeni, kalichunguze baadaye. Kumbukumbu ya mzee huchanganya tarehe, na mara nyingi majina pia. Lakini idadi ya watu aliowavusha mlangoni kila jioni kwa miezi mingi, hiyo hachanganyi.

Pa kuchunguzia ni National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa, Kew, London. Taarifa za vikosi ziko kwenye mfululizo AIR 27 na za vituo AIR 28, na nyingi za vikosi unaweza kuzipakua mtandaoni bila kusafiri. Tafuta Fomu 541: humo utakuta kila ndege kwa namba yake, majina ya waliokuwemo, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Palipokosekana saa ya kurudi, soma taratibu.

Ukitaka kukiona kiwanja chenyewe, vingi sasa ni mashamba. Ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, itakuonyesha palipobaki zege, lakini shamba ni la mtu, hivyo mwombe mkulima ruhusa kwanza. Ukisimama kwenye ile barabara ya mzunguko, inama uitazame: zege limemwagwa kwa vipande, na kati ya vipande kuna mstari mweusi wa lami ambao leo umeota nyasi. Piga picha, umpelekee mzee. Ukikuta kipande cha ndege iliyoanguka usikiguse. Sheria ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi inakataza kuyafukua bila leseni ya Wizara ya Ulinzi, na huenda pana mtu aliyelala pale. Mzee akiwa bado anaweza kusafiri, mpeleke kwenye makumbusho ya ndege ya East Kirkby, Lincolnshire, siku ambayo Lancaster yao, NX611, inawashwa. Msimamishe mahali atakaposikia injini zikishika moja baada ya nyingine, na kinasa sauti kiwe tayari mfukoni, kwa ruhusa yake.

Kizazi kilichofuata ni rahisi zaidi. Hawa ni wale waliokuwa watoto kwenye uzio wa viwanja vya Scampton na Waddington enzi za Vulcan, ndege ya mabomu ya jeti, au Binbrook kabla ya ndege za kivita za Lightning kuondoka mwaka 1988. Wengi bado wana madaftari ya namba za ndege walizoziona, herufi mbili na tarakimu tatu, XM607 na nyinginezo, yenye tarehe. Piga picha kila ukurasa. Kisha waulize yasiyo daftarini: nani aliwapeleka, na vioo vya madirisha vilitikisika vipi Vulcan ilipopaa.

Ruhusa iwe ya maandishi, ya mzee mwenyewe. Ukiwa mhudumu kama mimi, zungumza pia na familia na mwajiri wako, na usirekodi saa za kazi. Saa moja inatosha kwa siku, maana mzee huchoka kabla hajasema. Majina nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini. Nakala moja ibaki kwa familia, na, ikiwa mzee alikuwa Bomber Command, nyingine ipeleke kwenye hifadhi ya kidijitali ya International Bomber Command Centre, Lincoln, ambako wamehifadhi mahojiano mengi ya aina hii.

Na usikate mwanzo wa rekodi. Ya mzee wangu inaanza na birika likichemka, halafu yeye ananiuliza kama nimeweka sukari. Alipofariki, binti yake aliniambia sehemu hiyo ndiyo anayoirudia.